Mamanlai wa Bondeni

Miaka ile ungefika Nakuru ukauliza mtaa wa Bondeni nyumba ya Miraji bin Muhidin, watu wangekutazama tu. Pengine mmoja angekuambia nenda ukaulize msikitini. Lakini ungemtaja Mamanlai, hata mama anayekaanga mandazi kando ya njia angenyoosha mwiko wake na kukuonyesha: ile nyumba ya mabati, yenye mlango wa buluu. Na kama upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani, hukuwa na haja ya kuuliza mtu. Harufu ya leleshwa ingekushika mkono na kukufikisha mlangoni.

Miraji alikuwa mtu wa kuchua viungo. Aliyeteguka kifundo cha mguu, aliyekazwa shingo, aliyebanwa nyonga, mama ambaye magoti yake yalilia kama mlango usiotiwa mafuta, wote walikwenda kwake. Walitoka mjini, walitoka kwenye nyumba za reli, walitoka mpaka mashamba ya pareto ya Molo na Keringet, wamefunga magoti kwa vitambaa. Ndani alikuwa na benchi pana la mbao, jamvi juu yake, kopo la mafuta ya simsim lililokaa karibu na jiko ili mafuta yawe vuguvugu, na debe la majani ya leleshwa aliyoyakata mwenyewe kwenye miteremko ya Menengai, akayakausha, akayatwanga na kuyapekecha mpaka yakawa laini kama pamba.

Alianza na ile pamba. Aliiviringisha ikawa kama sigara nene, akaiwasha, kisha akaishika karibu na kiungo kinachouma, bila kukigusa, mpaka mgonjwa aseme joto limeingia mfupani. Halafu yakaja mafuta. Halafu yakaja madole gumba. Na mwisho likaja lile neno.

"Man-man," alisema kwa sauti ya chini, akitafuta pahali pa kukandamiza. Kisha, kwa sauti iliyowatoa kuku uani, "LAI!" Na hapo alitia uzito wake wote kwenye madole gumba mawili, au akavuta kiungo kwa mkupuo mmoja. Mgonjwa alipiga ukelele. Wanaongoja nje walitazamana na kutikisa vichwa kwa kuridhika. "Hiyo imeingia," walisema. Asiyepiga ukelele alitoka na wasiwasi kwamba labda hakutibiwa.

Watoto wa Bondeni walilichukua neno lile wakalifanya mchezo. Wakubwa wakalichukua wakalifanya jina. Miraji akawa Mamanlai, na hata shehe wa mtaa alisahau siku nyingine akamwita hivyo.

Neno lenyewe alilitoa vitani. Serikali ilimpeleka Burma pamoja na vijana wengine wa Kenya, na kwa kuwa alikuwa mfupi, mpana, mwenye mgongo wa kubeba, wakamtia katika wabeba machela wa hospitali ya jeshi iliyokuwa upande wa Bara Hindi, karibu na mpaka. Siku moja ya matope waliteleza, machela yakamwangukia, goti likazunguka lilikotaka lenyewe. Walimfunga bendeji na kumwambia apumzike. Alipumzika mpaka akachoka kupumzika, na goti bado lilikuwa kama gogo.

Katika hospitali ile palikuwa na seremala mzee, Mchina aliyekimbia Burma wakati Wajapani walipoingia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitanda na kukaza miguu ya meza. Askari walimwita Fundi Leong. Kiswahili hakukijua hata kidogo, na Kiingereza chake kilikuwa kama cha Miraji, maneno machache, mengi ya kuhesabia misumari. Alimwona kijana huyu akikokota mguu kila siku mbele ya karakana yake. Asubuhi moja alimkalisha juu ya sanduku, akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akatoa majani fulani makavu, akayawasha. Mzee yule alimkanda kwa utulivu, siku baada ya siku, mpaka Miraji akatupa fimbo.

Basi Miraji akawa hatoki karakanani. Mzee akaanza kumfundisha. Alimwonyesha mishipa inapopita na viungo vinapokutana, akamwekea mkono wake juu ya bega la mgonjwa, akasema, "Man-man-lai."

Miraji akakandamiza.

"Man-man-lai," mzee akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Miraji akakandamiza zaidi.

Mzee akapiga kiganja kwenye kitanda. "MAN-MAN-LAI!"

Hapo Miraji alitia nguvu za kutosha kunasua lori kwenye matope, na mgonjwa, koplo mmoja Mkamba, akalia akimwita mama yake. Fundi Leong akashika kichwa kwa mikono miwili. Miraji akadhani mzee ameshangazwa na nguvu za mwanafunzi wake.

Usimcheke. Mtu huelewa jambo jipya kwa lile analolijua. Wabeba machela walikuwa na wimbo wao wa kunyanyulia. Mmoja alivuta, "Haraaa!" na wote wakaitikia, "Mbee!" na kwenye ile mbee ndiko nguvu ilikotoka. Vivyo hivyo walijenga reli baba zao, na vivyo hivyo walinasua magari. Miraji alisikia "man-man" akajua hiyo ndiyo hara ya Wachina. Akasikia "lai" akajua hiyo ndiyo mbee yao. Kuna mtu gani wa kazi asiyeelewa wimbo wa kunyanyulia?

Siku ya kuagana, Fundi Leong alimshika madole gumba yote mawili, akayatazama kwa muda, akatikisa kichwa. Akasema lile neno mara ya mwisho, chinichini, karibu kama mtu anayeomba. Miraji akalipokea kama baraka, akapanda meli nalo.

Miaka ikapita, jina likakua. Kisha madole gumba yakaanza kuuma.

Ugonjwa ule haukuja na ngoma. Ulianza kama ubaridi wa asubuhi, wakati wa mvua za masika, ukakaa kwenye shina la dole gumba la kulia. Baadaye la kushoto likasikia wivu. Viungo vikavimba, vikawa vyekundu, vikang'aa kama vitunguu. Miraji akaanza kuvaa fulana badala ya shati, kwa sababu ya vifungo. Chai akainywa kwa kukumbatia kikombe kwa viganja viwili. Mkewe, Kuluthum, aliyajua haya yote kabla hayajatajwa, lakini alingoja.

"Nimejibana na mlango," Miraji alisema siku alipoona anatazamwa.

"Mlango gani huo, Baba Safiyo, unaobana madole gumba yote mawili, na vidole vingine unaviacha?"

Miraji akasema mlango wa nyuma. Kuluthum akasema ule mlango hauna hata komeo.

Kilichokuwa kikimtisha Miraji hakikuwa maumivu. Maumivu aliyazoea, kazi yake ilikuwa maumivu ya watu. Alichoogopa ni kwamba hakuwa na kitu kingine. Shule aliiacha chini kabisa. Shamba hakuwa nalo. Duka hakuliweza, kwa kuwa alikuwa hawezi kumnyima mtu. Binti yake Safiyo alikuwa ameolewa Naivasha. Kila jambo jema lililomfikia tangu vita lilipitia kwenye mikono hii miwili: heshima, nyumba, salamu za watu barabarani. Mikono ikikataa, Mamanlai angekufa, na abaki Miraji ambaye hakuna mtu Nakuru aliyekuwa na habari naye.

Alijaribu kujitibu. Alijichomea leleshwa, akapata nafuu ya muda wa kunywa chai, lakini kila alipotaka kukanda dole gumba bovu alihitaji dole gumba zima, na hilo hakuwa nalo. Mganga hajigangi, wazee walisema, naye akaona walisema kweli. Akaanza kufunga mlango wa buluu mchana. Akiulizwa, alisema leleshwa imekwisha.

Ndipo akaja Kimaiyo.

Kimaiyo alikuwa mkamaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu upande wa Njoro. Mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la mvua lililorithiwa kutoka kwa mtu mfupi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeganda begani. Haukupanda juu ya kifua, haukufika mbele kwenye chuchu za ng'ombe, na usiku haukumwacha alale ubavu. Alikuwa akikama kwa mkono wa kushoto peke yake, na ng'ombe aliopangiwa walikuwa wa mwisho kumalizika kila asubuhi. Nyapara alikuwa amemwambia waziwazi: shamba halimweki mkamaji wa mkono mmoja. Bwana mkubwa akirudi kutoka Ulaya mvua zikiisha, na hali iwe vile vile, Kimaiyo atamchukua mkewe Chelangat, na watoto, na ng'ombe zake, atoke shambani.

"Chamgei, mzee," alisema mlangoni.

"Chamgei mising," alijibu Miraji, kwa kuwa mtu wa kuchua viungo hujifunza salamu za wote. Alitaka kusema leleshwa imekwisha. Lakini Kimaiyo alikuwa ametembea kutoka Njoro huku ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga, na debe la leleshwa lilikuwa wazi, limejaa, pale pale kati yao.

Akamkalisha kwenye benchi. Akapasha bega joto. Akapaka mafuta. Akayaweka madole gumba yake mahali panapohusika, akafumba macho.

"Man-man," alisema. "Lai!"

Moto ulimpanda kutoka kwenye dole gumba mpaka kiwikoni. Mkono ukafunguka wenyewe. Aliyepiga ukelele alikuwa Miraji.

Kimaiyo aligeuza kichwa polepole. "Mzee," akauliza, "mgonjwa ni mimi, ama ni wewe?"

Nje mtu akacheka, mwingine akasema, "Hiyo imeingia!" na wote wakaangua kicheko. Miraji alijifuta uso kwa mkono wa fulana. Alisema mafuta yamemponyoka. Kimaiyo alimtazama vidole, naye alikuwa mtu aliyetazama viwele vya ng'ombe maisha yake yote, kwa hiyo uvimbe aliujua.

"Mzee, usikasirike," alisema. "Ng'ombe hakamuliwi kwa dole gumba. Mtoto akianza kukama kwa dole gumba, mkono wake unavimba namna hiyo, na ng'ombe anamtia teke. Sisi tunatumia mkono mzima."

"Mimi sikami ng'ombe," alisema Miraji kwa ukali asiouzoea.

"Ndiyo, mzee. Bahati yako. Ungekuwa umeshapigwa teke."

Miraji alimchomea Kimaiyo leleshwa mara ya pili, akamwambia arudi baada ya siku chache, na hakumtazama machoni. Kimaiyo akavaa koti lake fupi kwa mkono mmoja, akaaga kwa adabu, akaenda zake na bega lake vile lilivyokuja. Miraji alimfuata kwa macho mpaka njia ilipokata kona. Alijua amemdanganya. Hakujua siku hizo chache zingeleta nini.

Zikaleta Kalasinga.

Sardar Bishan Singh alikuwa na karakana ya mbao karibu na reli, mahali walipotengeneza mikokoteni ya ng'ombe na milango ya maghala. Alikuwa mzee mkubwa wa umbo, kilemba cheupe, ndevu za kijivu zilizofungwa vizuri. Lile benchi la Miraji lilitoka mkononi mwake, na bei yake aliipunguza mwenyewe bila kuombwa. Sasa alisimama mlangoni, shingo imekazwa upande mmoja, na ili akutazame ilimbidi ageuze mwili mzima, kama behewa linalogeuzwa stesheni.

"Mamanlai," alisema, "hii shingo nakataa kazi."

Angekuwa mtu mwingine yeyote, Miraji angemrudisha. "Sardar, karibu. Lakini leo mikono yangu haina nguvu."

"Nguvu ya nini? Mimi napana taka nguvu. Mimi taka shingo."

Akakaa kwenye benchi alilolichonga, likalia chini yake, naye akalipiga kofi kwa mapenzi. Miraji akapasha joto. Akapaka mafuta. Moyoni alisema, Mwenyezi Mungu, mara hii moja tu. Akayapanga madole gumba, akavuta pumzi.

"Man-man-lai!"

Mkono wa Kalasinga ukaruka ukamkamata kifundo. "Ngoja! Wewe nasema nini?"

"Ni neno la kazi, Sardar. Ndilo linaloingiza dawa."

"Nani nafundisha wewe hii neno?"

"Mchina mmoja. Wakati wa vita vya Burma."

Bishan Singh akamgeukia, mwili mzima, akamkodolea macho. Kisha kifua chake kikaanza kutikisika. Akacheka mpaka shingo ikamchoma, akalia "hai hai," akacheka tena. "Wewe nasema mimi polepole," akasema akifuta machozi, "halafu navuta shingo yangu kama kamba ya punda!"

"Sikusema polepole, Sardar."

"Wewe nasema! Man-man-lai. Mimi nakaa Hong Kong, bado kijana, askari ya jela. Miaka mingi. Kila siku nasikia hii maneno. Mtu nabeba mayai, nakimbia: man-man-lai! Mtoto nakunywa chai moto: man-man-lai! Iko polepole. Kuja polepole. Basi, iko hiyo tu."

"Na ile lai?" Miraji aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekwenda mbali. "Lai si vuta?"

"Napana vuta! Lai iko kuja. Kuja taratibu."

Miraji akaketi. Hakukuwa na pa kuketi ila kwenye benchi, kwa hiyo daktari na mgonjwa wakakaa bega kwa bega, wakitazama ukuta. Miraji alimwona Fundi Leong akipiga kiganja kwenye kitanda. Polepole. Alimwona akiinua sauti. Polepole! Alimsikia koplo yule Mkamba akimlilia mama yake, na mzee ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akaona tena siku ya kuagana, madole yake gumba mikononi mwa mzee, na ile sauti ya kuomba. Mzee aliyaona haya tangu siku ile. Aliyaona yamevimba kabla hayajavimba.

Nyuma ya pazia Kuluthum alikuwa anasikia kila kitu. Alijaribu kujizuia. Kikombe kilianguka, na kicheko kikatoka chote kwa pamoja.

"Baba Safiyo! Umevuka bahari, umepigana vita, umerudi na neno ukalitia kufuli kama dhahabu, kumbe ni polepole? Neno hilo mama yako alikuambia ukiwa unajifunza kutembea!"

"Mama yake nasema kwa Kiswahili," Bishan Singh alisema, kwa kumtetea Miraji. "Iko rahisi sana. Nani nasikia?"

Hapo Miraji naye akacheka. Alicheka kwa aibu kwanza, halafu kwa kitu kingine, kitu kama mzigo unaotuliwa. Kwa miezi mingi alidhani ni uzee, au jicho la mtu, au Mungu amemnyang'anya alichompa. Sasa aliona si hivyo. Alikuwa ametumia mikono yake vibaya tu. Na ugonjwa wenye sababu una mlango wa kutokea.

"Huko Hong Kong," akauliza, "uliwahi kukandwa, Sardar?"

"Goti. Mimi naanguka ngazi ya jela. Mzee mmoja natengeneza." Bishan Singh akakunja mkono wa shati, akaegemeza kigasha chake, ule mkono wa chini ya kiwiko, kwenye paja, akakisukuma kwa uzito wa mwili. Kisha akageuza ngumi, akaviringisha mgongo wa mkono mbele na nyuma. "Namna hii. Kama nalala usingizi."

Miraji akaikumbuka mikono ya shati la Fundi Leong, iliyokunjwa mpaka juu ya viwiko. Miaka yote alidhani ni joto la Bara Hindi.

"Hiyo ni chapati," alisema Kuluthum, ambaye sasa alikuwa ametoka nje ya pazia kabisa. "Hivyo ndivyo ninavyosukuma chapati. Ukisukuma kwa dole gumba, unaitoboa." Akachana kitambaa cha leso yake kuukuu, akamshika mumewe mkono, akalilaza dole gumba la kulia ndani ya kiganja na kulifunga hapo. Akalifunga na la kushoto. "Haya. Yasiibe kazi. Nakujua."

Ndivyo shingo ya Kalasinga ilivyokandwa siku ile, na mtu aliyefungwa madole gumba. Alitumia kigasha. Alitumia mgongo wa mkono. Alikwenda taratibu mno, akakosea, akarudi, na Kuluthum akisimama kando akisema, "Hapo umeharakisha." Hapakuwa na kelele yoyote. Nje watu wakaanza kuhangaika.

"Kwani kuna nini humo ndani?" sauti moja ikauliza.

"Labda Kalasinga amekufa."

Mlango ukafunguka, Bishan Singh akatoka. Alimtazama huyu, akamtazama yule, akigeuza kichwa peke yake, si mwili, na kutabasamu ndani ya ndevu. Watu wakanong'ona. Dawa isiyo na ukelele ilikuwa jambo jipya.

Kimaiyo alirudi kama alivyoagizwa, na mlangoni alisita kuona vitambaa. "Mzee, nani amekukamata?"

"Mke wangu. Kaa."

Miraji akapasha bega joto, akaupitisha mkono wa Kimaiyo juu ya kigasha chake mwenyewe, akaanza kuutembeza kwa duara dogo, kama mtu anayekoroga uji usiungue. Kila bega lilipokataa, alisimama. Hakuvuta. Aliegemea tu, akangoja, na baada ya muda bega lilisogea kidogo kwa hiari yake.

"Leo hakuna kelele?" Kimaiyo akauliza. Alionekana kama mtu aliyepunjwa. "Nimetembea kutoka Njoro. Chelangat ameniambia nisirudi bila kelele."

"Man-man-lai," Miraji akamwambia sikioni, chinichini.

"Hiyo ni ndogo."

"Ndiyo kubwa kuliko zote. Halafu ulisema kweli juu ya ng'ombe. Mkono mzima."

Kimaiyo akafikiri. "Sasa umejua kukama," alisema kwa uzito, na wote wawili wakacheka, na bega, kwa kuwa mwenyewe alilisahau kidogo, likapanda upana wa vidole viwili.

Halikupona siku hiyo. Bega lililoganda huyeyuka kwa wakati wake, na mvua zilinyesha sana mwaka ule. Kimaiyo alikuja na kurudi, koti lake fupi limelowa, na kila mara mkono ulipanda zaidi kidogo: mpaka kidevuni, mpaka sikioni. Miraji alimfundisha kuutembeza ukutani kwa vidole kama buibui, asubuhi kabla ya kukama. Baina ya siku hizo Kuluthum alikuwa akimwashia mumewe leleshwa na kumpasha mashina ya madole, na akimfungua vitambaa usiku na kumfunga tena asubuhi. Wagonjwa wengine walilalamika kwamba Mamanlai amepoa. Wachache walihamia kwa mchuaji mwingine mwenye sauti. Waliobaki walianza kusinzia kwenye benchi, na mmoja, mpishi wa hoteli, alikoroma mpaka akaamshwa ili mwenzake apate nafasi.

Kisha Kimaiyo akakosekana. Mvua zikaisha, njia zikakauka, vumbi likarudi Nakuru, na Kimaiyo hakuja. Kila mlango ulipobishwa, Miraji alitazama haraka. Alijua bwana wa shamba amekwisha kurudi. Aliwaza familia ikiwa barabarani na ng'ombe zao. Mikono yake ilikuwa inatulia, uvimbe umeshuka, lakini alikuwa hajathubutu kuifungua mchana. Aliona kama ameanza kupona kwa dhamana ya bega la mtu mwingine.

Alikuja Ijumaa, baada ya sala. Miraji alimwona kutoka mbali, kwa sababu ya urefu. Na alimwona akiinua mkono. Ule wa kulia. Aliunyoosha juu ya kichwa chake, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanatoka msikitini, akaupunga kama mtu anayesimamisha gari la moshi.

Mkono wa kushoto ulibeba kibuyu cheusi cha maziwa ya mgando, kilichopambwa kwa shanga. "Mursik," alisema akikifikisha. "Nimekama kwa mikono miwili. Bwana alisimama nyuma yangu na nyapara, wakatazama mpaka ndoo ikajaa. Wakaenda bila kusema neno. Sijawahi kufurahia watu kunyamaza namna hiyo. Chelangat amesema kibuyu hiki uletewe, na ukifungue mwenyewe, hapa hapa, nikiona."

Kifuniko cha kibuyu kilikuwa kimekazwa kwa mkono wa mtu aliyepona bega na anayetaka lijulikane. Kuluthum alinyoosha mkono amsaidie. Miraji akatikisa kichwa. Alifungua kitambaa cha kulia kwa meno, akafungua na cha kushoto. Madole gumba yalitoka membamba, meupe kidogo, kama vitu vilivyokaa chini ya jiwe. Akayaweka kwenye kifuniko. Watu wachache walikuwa wamesimama kutazama.

"Polepole, Baba Safiyo," alisema Kuluthum, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo.

Miraji hakukipiga mkupuo. Alikiegemea, akangoja, akakizungusha taratibu, akisikiliza mashina ya madole yake kama alivyosikiliza mabega ya watu. Hayakusema kitu. Akazungusha tena. Kifuniko kikalia kidogo, kikakubali, kikatoka mkononi mwake chenyewe, na harufu ya maziwa na moshi ikatoka hapo mlangoni, ikachanganyika na ile ya leleshwa.

"Hiyo imeingia," alisema Kimaiyo.

Miraji akainamisha kichwa, akamimina kikombe cha kwanza mwenyewe, ameshika kwa vidole vitano.